Tao la Fundi Sakafu

Nilimvuta shati, lakini nilikuwa nimechelewa. Mkono wa mume wangu ulikuwa umeshafika juu, na mchungaji alikuwa ameshauona.

Mchungaji alikuwa ameuliza nani atajitolea kujenga mlango mkuu wa kanisa jipya. Hakutaka mlango wa linta, ile boriti ya zege iliyonyooka juu, kama wa duka. Alitaka tao, matofali yapinde juu kama nyusi, kama mlango wa kanisa la zamani ulivyokuwa kabla hawajalibomoa kupisha barabara. Ibada ya siku hiyo ilikuwa ya moto. Watu waliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mume wangu akiguswa na Roho huwa anasahau kwamba ana mke wa kushauriana naye.

"Umefanya nini?" nilimnong'oneza tukiwa bado kwenye benchi.

"Sijui," akasema. Uso ulikuwa umeshaanza kumshuka.

Mtaniona mke mbaya, kwa hiyo ngoja niwaeleze. Mume wangu watu wanamwita Fundi Sakafu. Sakafu zake ukiweka gololi katikati ya chumba, inatulia hapo hapo mpaka uichukue mwenyewe. Anapiga plasta, anapanga vigae, anajenga ngazi za mlangoni na mitaro ya maji machafu. Lakini kitu chochote kinachokaa juu ya kichwa cha mtu hakigusi. Mteja akija na kazi ya linta au slabu, anampa namba ya fundi mwingine. Wateja wanadhani hajui. Anajua sana, anajua kuliko hao anaowapelekea. "Mama watoto," huwa ananiambia, "sakafu haimwangukii mtu."

Kazi alifundishwa na baba yake. Katika ukoo wao wa mafundi kuna desturi ambayo haikuwahi kuvunjwa: siku ya kutoa mbao zilizoshikilia zege au matofali, aliyejenga ndiye anayesimama chini. Hutumi kibarua, humtanguliza mwanafunzi. Kama unaiamini kazi yako, simama chini yake. Basi siku moja, mume wangu akiwa kijana, walikuwa wamejenga kibaraza chenye zege juu. Baba mtu akamuuliza, "Imekauka?" Kijana akagonga kwa nyundo, akatega sikio, akasema imekauka. Mzee akaingia chini. Mbao zikatoka, na kipande cha zege kikatoka pamoja nazo.

Mzee hakufa, ila miguu haikumtii tena. Tangu siku hiyo anatembelea kiti cha magurudumu, na mwanawe anajenga sakafu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nimeishi na mshtuko huo ndani ya nyumba yangu tangu nilipoolewa.

Baba mkwe tunaishi naye, na msimwonee huruma, maana yeye hajionei. Anagombana na redio. Anatukosoa tunavyofagia. Kiti chake kina breki inayolia kama mlango wa jela, na akiifunga mahali, ujue amehamia hapo, hata kama ni katikati ya njia ya jikoni na mimi nimebeba sufuria la moto.

Alipopata habari ya mkono ulioinuliwa kanisani, alicheka mpaka akakohoa.

"Tao?" akasema. "Mwanangu, tao si sakafu iliyosimama."

"Najua, baba."

"Basi maji umeshayavulia nguo. Oga."

Akaoga. Alijenga na Zege, kibarua wake wa miaka yote, mtu mnene, mpole, mzito wa kusema na mwepesi wa kula. Walitengeneza kwanza kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara, wakakisimamisha juu ya nguzo, na kati ya nguzo na kiunzi wakagongelea kabari, vile vipande vya mbao vyembamba mbele na vinene nyuma. Juu ya kiunzi wakapanga matofali, kutoka kushoto na kutoka kulia, mpaka yakakutana juu katikati. Nilipeleka chai siku walipoweka tofali la mwisho. Mume wangu aliligonga taratibu kwa mpini wa mwiko, akalipapasa kama kichwa cha mtoto. Sikuwahi kumwona mzuri vile.

Kisha kazi ikabaki moja tu. Kugonga kabari zitoke, kushusha kiunzi, kuacha tao lijishike lenyewe. Na mume wangu asimame chini.

"Bado halijakauka," akasema.

Wiki ikapita. "Bado." Ikapita nyingine, na nyingine baada yake. Saruji ile ilikuwa imekauka kiasi cha kunolea kisu, lakini mume wangu alisema bado. Nguzo zikiwa zimeziba mlango mkuu, waumini wakawa wanaingilia mlango wa ubavuni, wenye ngazi nyembamba, akina mama wakijibana na mabegi yao na watoto. Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu mlango mkuu ulijengewa njia ya mteremko kwa ajili ya baba mkwe, na ule wa ubavuni hauna. Vijana wa kwaya wakajitolea kumbeba.

"Mimi si mfuko wa saruji," akawaambia.

Kwa hiyo Jumapili zote hizo mzee aliabudu nje, kiti chake kimefungwa breki chini ya dirisha, mwavuli mkononi. Nyimbo alizifuata kwa besi yake nzito, lakini sauti ilimfikia kwa kuchelewa, na kila tulipomaliza ubeti tukasema tumenyamaza, besi ilitufuata dirishani peke yake. Watoto walicheka. Mume wangu alikuwa akiinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa tai.

Msidhani alikuwa hamwombi Mungu. Aliomba mno! Kila asubuhi kabla ya kazi alipitia kanisani, akasimama mbele ya nguzo zile na kofia mkononi. Alifunga. Alikesha. Nikimuuliza lini, ananijibu, "Namngoja Bwana aniondolee hofu, ndipo nizitoe mbao." Nilianza kuona haya kwa niaba yake, halafu nikaona haya kwa kuona haya. Naye alikuwa na methali yake ya kujikinga, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio.

"Kicheko kiko wapi?" nilimwuliza siku moja. "Mbona hapa hakuna anayecheka?"

Akavaa kofia, akatoka.

Mvua ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ilinyesha mfululizo, ile ya kuchosha, isiyo na radi wala adabu. Mbele ya kanisa hapakuwa bado na paa la kibaraza, kwa hiyo matofali na mbao vyote vililowa. Ilipokatika, mume wangu alikwenda kuangalia, akarudi amekuwa na rangi ya jivu. Tao lilikuwa na ufa. Juu kabisa, karibu na lile tofali la mwisho, mstari mwembamba ambao kesho yake ulipitisha ukucha.

Mchungaji aliuona pia. Ni mtu mwema, na wema wake ndio uliouma. Alimshika mume wangu bega, akamwambia, "Fundi, usijisikie vibaya. Jumatatu nitaleta watu walivunje, tuweke linta tu. Mungu anaona moyo." Mume wangu akasema sawa. Alivyosema sawa, bora angelia.

Jioni hiyo akanitangazia kwamba anaacha ufundi. Binamu yake ana duka la vifaa vya ujenzi, anahitaji mtu wa kusimama kaunta. Atauza misumari. Atauza saruji kwa mfuko, wengine wakaijengee wanachotaka.

"Hata sakafu?" nikauliza.

"Hata sakafu."

Niliogopa kweli. Duka si aibu, watu wanakula kwa duka. Nilichoogopa ni kwamba nilimjua mume wangu kwa mikono yake, na nilikuwa naiona mikono ile imekaa mapajani kama vyombo vya mtu mwingine. Tao likivunjwa Jumatatu, hataamini tena chochote alichokishika, na pengine hataamini tena kwamba ni Mungu aliyemwinua ule mkono kanisani. Niliomba nami, kwa maneno makali kidogo. Nilimwambia Bwana kwamba mtu huyu ni wake, asimwache anifie hali anatembea.

Jumamosi asubuhi mlango wa jikoni ukakataa kufunguka. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Nilivuta, nikaweka mguu ukutani nikavuta tena, na ulipofunguka ulinitupa nyuma mpaka nikakaa juu ya ndoo. Juu ya fremu plasta ilikuwa imepasuka mstari mrefu.

"Baba watoto!" nilipiga kelele. "Njoo uone nyumba ya fundi! Usipoziba ufa utajenga ukuta, au methali hizo ni za majirani tu?"

Akaja na randa apunguze ubao. Akaupapasa mlango, akaipapasa fremu. Akainua macho kwenye ule mstari wa plasta, na mkono wenye randa ukashuka taratibu.

"Mbao imekunywa maji," akasema.

"Ndiyo, na mimi hata chai sijanywa."

"Ikavimba. Ikasukuma ukuta juu." Alikuwa hanisikii. "Mama watoto, ufa wa tao uko wapi?"

"Si juu! Umeuona mwenyewe."

"Juu. Tao likitaka kuanguka linafungukia chini kwanza, kwenye tumbo. Hili limefungukia mgongoni." Akaegemea fremu. "Halianguki. Linasukumwa. Kiunzi kimevimba, kimebanwa na kabari, hakina pa kwenda, kinalinyanyua kutoka chini. Tao ni zima. Ni zile mbao nilizoogopa kuzitoa ndizo zinazolivunja."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikamwangalia usoni nikavimeza. Alikuwa amekaa kizingitini, randa magotini.

"Sasa si habari njema?" nikasema.

"Ndiyo. Na sasa naogopa zaidi." Alitazama viganja vyake. "Nyundo ni ile ile. Sikio ni lile lile. Hata siku ile nilikuwa na hakika."

Breki ikalia nyuma yetu. Baba mkwe alikuwa amefika kwenye njia ya jikoni na kufunga kiti, na kutokana na uso wake nikajua alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu," akasema, "wiki zote hizi unaomba, au unajificha?"

"Naomba, baba. Namwomba aniondolee hofu."

"Na asipoiondoa? Ukimwambia Mungu angoje kwanza usiogope, atakungoja mpaka nywele ziishe. Petro alishuka chomboni mawimbi yakiwa bado yapo."

"Akazama."

"Akashikwa mkono!" Mzee akapiga paja lake lisilosikia. "Mbona hapo huwa unaruka? Na wale waliobaki wakavu chomboni, hata leo nani anahubiri habari zao?"

Mume wangu akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akilitamka mbele ya baba yake. "Nilikuambia imekauka."

"Uliniambia. Nikasikia, nikaingia, na miguu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi pale, wewe ulikuwa mtoto mwenye nyundo." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka, haina tena utani. "Mungu alikusamehe. Mimi nilikusamehe kabla hawajamaliza kuniondolea kifusi. Umebaki wewe peke yako, na wewe si mkubwa kuliko sisi wawili."

Nililia mimi. Mume wangu hakulia. Alibaki amekaa, anapumua kama mtu aliyetua mzigo na bado haamini kwamba mabega ni yake. Halafu akasimama, akaiacha randa juu ya meza yangu ya kukatia vitunguu, akachukua nyundo.

Tulikwenda wote, mimi nikisukuma kiti na Zege akitukuta njiani na kipande cha mkate mdomoni. Kanisani palikuwa pakavu na kimya. Mume wangu aliweka ngazi kwenye ukuta wa pembeni, mbali na tao, akampandisha Zege, kazi yake ikiwa ni kuangalia ufa na kupaza sauti ukipanuka. Mimi na mzee akatuambia tukae barabarani. Mzee, ajabu, alitii.

Mimi nilimfuata mume wangu mpaka ukingoni mwa kivuli cha tao. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye shati lake, kama ile Jumapili, na safari hii sikuwa nimechelewa. Nilikuwa nimelishika barabara. Akageuka akaniangalia. Nikaachia. Naapa hakuna kazi ngumu kuliko hiyo niliyowahi kufanya, na nimezaa.

Akaingia chini. Hakupiga magoti wala hakurefusha. Nilimsikia akisema, "Bwana, naogopa. Nimekuja nayo hivyo hivyo hofu yangu. Nishike." Kisha akagonga.

Kabari ya kwanza ilikataa. Ilikuwa imevimba kama jino bovu. Akagonga tena, ikatoka kidogo tu, upana wa kucha, akaiacha akahamia ya upande wa pili. Kushoto kidogo, kulia kidogo, ili tao lisishtuke. Kila baada ya kugonga alisimama akasikiliza. Mara vumbi likamwagika juu ya kofia yake, mbao zikalia kwa sauti nzito, nami nikalitaja jina la Yesu kwa nguvu kiasi cha kumwamsha mbwa upande wa pili wa barabara. Mume wangu hakutoka. Alipangusa vumbi machoni, akagonga tena.

"Fundi!" Zege akapaza sauti. "Fundi, ufa!"

"Unapanuka?"

"Unafunga! Unafunga, fundi! Naona unafunga!"

Kiunzi kikashuka. Kilishuka kama kidole kimoja, na kati ya mbao na matofali ukapita mstari wa mwanga, umepinda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapakuwa tena na kitu kilichoshikilia tao isipokuwa matofali yenyewe, kila moja likiegemea mwenzake. Mume wangu alikuwa chini yake, mikono imening'inia, nyundo imeanguka. Tukangoja. Hakuna kilichoanguka zaidi ya nyundo.

Akaanza kucheka. Alicheka huku akiketi chini, na mimi nikakimbia nikaketi naye pale pale kwenye vumbi, chini ya tao, bila kukumbuka kuogopa. Alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni. "Bado naogopa," akaniambia, anacheka. "Bado naogopa, na limesimama!" Nilihisi wepesi ambao sina jina lake. Zege alikuwa analia juu ya ngazi, na mkate bado anao.

Nikamtazama mzee kule barabarani. Alikuwa amevua kofia. Nilimwita aje, akatikisa kichwa. "Kesho," akasema. "Kesho nitaingia kwa mlango, kama watu."

Mchungaji alikuja jioni, akalitazama tao mbele na nyuma, akamkumbatia mume wangu bila kujali shati lake jeupe. Habari ya linta haikutajwa tena. Zege na mume wangu walisafisha, wakaondoa nguzo, wakafagia njia ya mteremko.

Jumapili watu walijaa mbele ya kanisa, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kupita. Mchungaji akasema wa kwanza ni baba. Nilitaka kumsukuma, akanikataza. Alipandisha mwenyewe kwa mikono, akipumua, magurudumu yakikwaruza saruji ambayo mwanawe aliipiga. Mume wangu alitembea kando yake na Biblia kwapani.

Alipofika chini ya tao, katikati hasa, mzee akasimama. Kisha tukasikia ile breki ikilia kama mlango wa jela, na tukajua amehamia hapo. Kwaya ilikuwa nyuma yake, mchungaji nyuma ya kwaya, na kanisa zima nyuma ya mchungaji.

"Baba," nikamwambia taratibu, "watu wanasubiri."

"Wasubiri," akasema. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, anayatazama matofali yaliyo juu ya uso wake moja moja, kutoka kushoto mpaka juu, na kutoka juu mpaka kulia. Alipomaliza akafumba macho. Akakaa hivyo, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyerudi kutoka kazini na kukuta kiti chake kiko mahali pake.

Mume wangu alisimama kando yake, chini ya tao lile lile, na hakuangalia juu hata mara moja.